Mushiya Hakimbii

Jumapili asubuhi barabara ya Musonoi haina nafasi: watu wa misa, pikipiki, wachimbaji na magunia yao, na vilabu vya mbio vinavyoimba. Mushiya alipita pembeni taratibu, suruali ya buluu, raba nyeupe, kitambaa chekundu kimemfunga taya. Ilikuwa siku ya tisa tangu apasuliwe ufizi na kung'olewa gego la mwisho. Daktari alimruhusu kutembea tu. Akikimbia, kidonda kitatoa damu.

Klabu yake ikatokea nyuma. Desturi yao, anayetembea huimbiwa kwa dhihaka. Dimitri, mpenzi wake na kiongozi wao, aliona mgongo tu, akapuliza filimbi na kuanzisha:

“Bibi muzee, nani alikuacha mu njia?”

Wenzake wakaitikia kwa kicheko. Mushiya akageuka. Dimitri akakatisha wimbo, akasimama, klabu ikampita.

“Mushiya? Wiki nzima napiga telefone, haupokee. Nilizani umenichoka.”

“Docteur alinitosha jino. Kinywa ilivimba, hata kusema nilishindwa.”

“Si ungeniandikia?”

“Ungekuja. Na mi sikupenda unione hivi.”

Dimitri alitazama wenzake wakiyoyoma. “Basi tukimbie, cherie. Tutasemezana kule mbele.”

“Mi sikimbie.”

“Kidogo tu.”

“Hata kidogo. Kama unanipenda, tembea. Kama haunipende, fuata filimbi yako.”

Dimitri akaondoka mbio. Mushiya alimpenda kijana yule mpaka kidonda kikampwita, na miguu yake, iliyokuwa ikiwashinda wote, ilitaka kumfuata. Aliikatalia. Mwanaume wa kumkimbilia huku damu ikimtoka mdomoni, potelea mbali. Akaendelea hatua kwa hatua, macho yamemlowa, kichwa juu.

Kwenye kona Dimitri alisimama, akavua filimbi, akampa Mignonne, msichana wa klabu, akarudi akihema. Akaanza kutembea kando ya Mushiya. Klabu ilipogeuza na kuwakuta, Mignonne alianzisha wimbo uleule, kisha akamtania kiongozi wake:

“Président, na weye umezeeka?”

“Natembea na bibi yangu,” Dimitri akajibu, kwa sauti ya kusikika mpaka ng'ambo.

“Bibi yako?” Mushiya akasema. “Kwetu balikuona siku gani, hata useme umenioa?”

“Leo. Tunaenda sasa, nione tata, baba yako.”

“Kwetu ni mbali. Na mi natembea mupole.”

“Nimeona.”

Mushiya alifungua kitambaa, shavu lililovimba likaonekana na barabara nzima, akampa Dimitri akishike. Hawakuongeza mwendo.