Mpini Mnene wa Kijiko

Kila adhuhuri fundi cherehani alifunika mashine yake, akanawa mikono, akaketi kando ya mumewe kumlisha. Kijiko cha kwanza mume alipokea. Cha pili alipokea. Cha tatu aligeuza uso ukutani.

"Nimeshiba, mama watoto."

"Umeshiba nini? Hata shomoro angeomba nyongeza."

"Nimeshiba, nimekwambia."

Mume alikuwa mwashi. Alijenga nyumba za watu kwa miaka thelathini, hadi kiharusi kilipomwangusha kazini. Mkono wa kulia ulianza kurudi, lakini vidole havikukunjika sawasawa. Kijiko kilimponyoka kila akikishika. Na kulishwa kama mtoto, hilo hakulitaka kabisa. Kwa miezi minne alikonda, hadi mashati yake yakapunguzwa mara mbili kwa cherehani ya mkewe mwenyewe.

Muuguzi hakuwaficha. "Asipokula, hata mguu ulioanza kupata nguvu utalegea tena. Mtafutie kijiko chenye mpini mnene, ajilishe."

Fundi alizungushia kijiko kitambaa. Kikalowa mchuzi, kikateleza. Ndipo alipopanda ngazi hadi kwa jirani wa juu. Jirani huyo alikuwa na karakana ya kuchora vipuri kwa kompyuta na kuviunda kwa mashine inayochapa plastiki tabaka juu ya tabaka. Watu walimwita Milimita, maana ukimwambia "kikubwa hivi" kwa mikono, alijifanya hakusikii.

"Nitengenezee mpini, shemeji," fundi alisema.

"Nitakufundisha uutengeneze. Mkono wa mumeo unaujua wewe, mimi siujui."

Akamketisha mbele ya kompyuta. Fundi aliyetunga uzi kwenye sindano bila miwani sasa alitafuta vitufe kimoja kimoja. Alichora mpini kwa ubavu: mnene katikati, mwembamba mwishoni. Kisha akabonyeza kitufe cha kuufanya kitu kamili. Hakuna kilichotokea. Akabonyeza tena. Mchoro ulibaki bapa kama picha ukutani.

"Mashine yako ina kiburi."

Milimita akainama kwenye kioo cha kompyuta. "Umeacha nafasi hapa. Mistari haijakutana."

"Nimeiacha makusudi. Mto unashonwaje? Unaacha mdomo, unageuza, unajaza pamba, ndipo unafunga."

Milimita alicheka hadi akavua miwani. "Hapa si wewe unayetia pamba, shemeji. Kompyuta inajaza yenyewe. Lakini sharti ijue wapi ni ndani na wapi ni nje. Ukiacha nafasi hata ya tundu la sindano, kwake hakuna ndani. Mistari yote ikutane."

Fundi akavuta ncha ya mstari hadi ikagusa mwenzake. Katikati ya mchoro pakageuka rangi.

"Hapo umefunga," Milimita alisema. "Sasa sikiliza. Kitu chenye unene sawa kotekote, kama tofali, unachora uso wake kisha unauvuta. Lakini mpini wako ni wa mviringo. Huo hauvutwi, unazungushwa. Chora nusu yake tu, kama umeupasua kwa urefu. Pale ulipopasua, weka mstari wa katikati. Ile nusu itauzunguka mstari huo, kama mlango kwenye bawaba, hadi irudi ilikoanzia."

"Nusu tu? Kumbe ni kama kukata gauni kitambaa kikiwa kimekunjwa."

"Umesema mwenyewe."

"Basi hata unene naandika nusu."

Milimita akamtazama. "Kuna watu nimewafundisha hilo wiki nzima."

Fundi alifuta, akachora nusu, akaifunga vizuri. Urefu akaandika milimita mia moja. Nusu ya unene, kumi na mbili. Akabonyeza kitufe cha kuzungusha. Ule mchoro bapa ukainuka, ukajaa, ukawa mpini. Aliweza kuugeuza na kuutazama hata kwa nyuma. Akajishika mdomo.

"Na tundu la kuingizia kijiko?"

"Chora mstatili kwenye ncha, halafu usukume ndani. Ni kuvuta kulekule, ila sasa unatoa, huongezi."

Kesho yake mpini ulikuwa tayari. Mwashi aliushika, akainua kijiko, kikaanguka kwenye sahani. Mchuzi ukamrukia kifuani.

"Acha tu, mama watoto. Usijisumbue."

Fundi alikwenda jikoni. Alikanda unga kidogo kwa maji, akamwekea donge kiganjani. "Binya. Taratibu."

Mwashi alibinya. Vidole viliishia pale vilipoweza kufika. Fundi akapima donge kwa futi yake: sentimita tatu na nukta nne. Akapanda ngazi mbio.

"Tunaanza upya, shemeji. Ni mwembamba."

"Usifute kitu. Rudi kwenye mchoro wa kwanza, ubadilishe namba tu."

Akafuta kumi na mbili, akaandika nusu ya milimita thelathini na nne: kumi na saba. Mpini ukanenepa wenyewe kwenye kioo. Tundu lilibaki palepale.

Siku iliyofuata, adhuhuri, fundi aliweka sahani mbili mezani. Mwashi alifunga vidole kwenye mpini mpya. Kijiko cha kwanza kilimwaga nusu. Mkewe akanyanyuka na kitambaa.

"Kaa," mume alisema.

Akakaa. Cha pili kilifika mdomoni. Cha tatu kilifika. Fundi alisahau chakula chake, akahesabu. Baada ya cha sita mwashi alisita, akatafuna polepole, akakunja uso.

"Chumvi haitoshi."

Kwa miezi minne hakuwa amelalamikia chakula. Alikuwa anapokea tu vijiko viwili, kisha anageuza uso. Fundi aliinamia sahani yake kidogo, asionekane macho. Kisha akamsogezea kopo la chumvi.

"Hiyo hapo. Jitilie."