Muziki Mfupi wa Sinema ya Babu

Likizo ya Agosti mwaka 1972, Saleha alishinda barazani kwa babu yake. Babu Mbarak alikuwa fundi wa kanzu katikati ya Nairobi, na macho yake hayakuliona tena tundu la sindano. Saleha, msichana wa miaka kumi na miwili, kila siku alimtungia uzi, akamletea chai ya saa nne, na saa nane akapanda basi kurudi kwao Kilimani.

Likizo hiyo Babu alikuwa pia mchezaji sinema. Mjomba Shamsudin, karani mwenye wazimu wa picha, aliazima kamera akampiga picha Babu akishona kanzu, tangu kukata kitambaa hadi kifungo cha mwisho. Sinema yenyewe ilikuwa ya dakika sita na haikuwa na sauti. Ingeonyeshwa Jumamosi katika ukumbi mmoja wa Muthangari. Muziki ungepigwa na Ogutu, rafiki ya Mjomba, muuza misumari mwenye gitaa.

"Ogutu hana nafasi ya kukaa kutazama picha," Mjomba alimwambia Saleha Jumatatu jioni, sebuleni kwao Kilimani. "Atapiga kwa kufuata daftari, nami nitamnasa kwenye tepu. Shika saa yangu, tazama picha ukutani, uandike kila kipande kina sekunde ngapi. Usikisie hata kimoja."

Alimwashia mashine ya kuonyeshea picha, akaondoka. Saleha alipima vipande saba vizuri kabisa, ingawa mapazia yalikuwa yamefungwa na chumba kilikuwa joto. Cha nane, cha mwisho, kilipoanza, Naliaka wa jirani akaita dirishani.

"Saleha! Kuja turuke kamba, tumebaki wawili tu!"

"Nakuja!"

Saleha alitupa jicho ukutani. Babu alikuwa akikanyaga cherehani. Nani asiyemjua Babu akishona? Aliandika "sekunde ishirini", akazima mashine, akatoka mbio. Mjomba aliporudi akakuta daftari limejaa, akamsifu. Sifa zile hazikumkaa vizuri Saleha, lakini alizimeza.

Jumanne baada ya kazi Ogutu alikuja, akapiga kipande kwa kipande huku Mjomba akinasa kwa rekoda ya tepu. Jumatano wakajaribu picha na muziki pamoja, Mjomba na Saleha. Mkasi ulikata, gitaa likaitikia, hata Mjomba akacheza mabega. Ghafla, katikati ya kipande cha mwisho, gitaa likanyamaza. Ukutani Babu aliendelea kushona kimya kimya, kama mwenyeji aliyekimbiwa na wageni.

"Ogutu ameniharibia!" Mjomba aling'aka. "Haraka zake za kurudi kwake Uthiru hizo!" Akavuta tangazo la Jumamosi na kalamu, alifute jina la Ogutu.

Ogutu alikuwa amewaalika wenzake wote wa dukani waje kumsikia. Kama Saleha angenyamaza, pengine hakuna ambaye angejua. Alilionea haya wazo hilo mara tu lilipomjia.

"Mjomba, usilifute," alisema, machozi yakimlenga. "Si yeye, ni mimi. Kile cha mwisho sikukipima. Nilikisia, nikaenda kuruka kamba."

Mjomba alirudisha kalamu mfukoni na kuvua saa yake. "Kaa. Pima."

Safari hii Saleha hakupepesa macho. Sekunde hamsini na nane! Tena aliona jambo ambalo hakuwa ameliona: miguu ya Babu ilikwenda kwa mwendo mmoja, bila kukosea hata kidogo.

"Mjomba! Cherehani ya Babu inaweza kupiga pamoja na gitaa!"

Alhamisi saa ya chakula cha mchana, rekoda ilikuwa barazani kwa Babu. Ogutu alitoka dukani kwake, duka la tatu kutoka hapo, gitaa begani. Saleha alimwamkia, akamweleza kosa lake lote bila kumung'unya maneno, akamwomba radhi.

Ogutu alicheka mpaka wapita njia wakageuka. "Kumbe ni wewe ulikata gitaa yangu mkia! Haya, leo wewe ndio mkubwa yangu. Shika saa. Ukisema nisimame, nasimama."

Mara ya kwanza muuza njugu alipita akinadi, ikabidi warudie. Mara ya pili Babu alikanyaga, gitaa likamfuata, na Saleha akainua mkono. Sekunde ya hamsini na nane akaushusha. Wote wawili wakanyamaza papo hapo.

Jumamosi ukumbi ulijaa, na Mjomba akawasha picha na tepu pamoja. Kipande cha mwisho kilipoanza, Saleha alishika saa kwa mikono miwili. Babu, mstari wa mbele, alikuwa akikanyaga sakafu bila kujijua. Picha na muziki vikaisha pamoja! Makofi yalivuma, na wenzake Ogutu wakapiga miluzi.

Nje, Babu alimshika Saleha mkono. "Mjukuu wangu, kanzu ya kukisia humwacha mtu magoti nje. Kwa hiyo pima. Lakini hata fundi mzee kama mimi hukosea kukata. Siku ukikosea, mwambie mwenye kanzu kabla hajaivaa mbele za watu."

"Nimesikia, Babu."

Saleha alimrudishia Mjomba saa yake. Mjomba hakuivaa. Alimfungia Saleha mkononi, nayo ikateleza hadi kwenye kiwiko.

"Kaa nayo," alisema. "Sinema ya pili tunaanza Jumatatu."