Taa za Kichwani mwa Chiriku

Kila akitoka shule, Chiriku alipitia kwenye chumba cha ushonaji cha mama yake. Kazi yake ilikuwa kuokota pini sakafuni kwa sumaku, kisha kupiga pasi. Aliitwa Chiriku kwa sababu mdomo wake haukujua likizo, na uongo nao ulimtoka bila kubisha hodi.

Juma moja aliunguza gauni la bibi harusi. Aliiacha pasi juu ya kitambaa akachungulia dirishani mara moja tu, jamani, mara moja! Mama alipouliza, akajibu haraka, "Ni Dada Pindo." Pindo alikuwa mwanagenzi pale, amebakiza kidogo ahitimu ufundi. Alikana mpaka akalia. Mama akamfukuza.

Tangu hapo usingizi ulimpaa Chiriku. Basi aliposikia kwamba hospitali mpya ina sindano ya kumfanya mtu asiweze kusema uongo kamwe, alirukaruka. "Mama, nipeleke!" Moyoni alijua kwamba akichomwa, ukweli utajitokea wenyewe, naye hatahitaji ujasiri wowote. Mama, aliyechoshwa na uongo wake wa kila siku, akakubali.

Daktari, mwanamke mmoja mpole, alimvika kofia yenye nyaya. Skrini ikawaka ukutani. Lo! Maelfu ya taa ndogondogo zilikimbizana, zikazimika, zikawaka tena.

"Huo ni ubongo wako ukifanya kazi," alisema daktari.

"Makubwa haya!" mama alinong'ona. Chiriku alianza kuzihesabu taa, akapotea njiani.

"Sasa fikiria jambo ambalo ni gumu kulisema," daktari alimwambia.

Chiriku akafikiria gauni. Taa za pande mbili zikaanza kuwaka kwa zamu, kama watoto wanaogombania mpira.

"Zinabishana," daktari alieleza. "Huku zinataka useme, kule zinataka ufiche."

"Na nikichomwa?"

"Hapo pote patanyamaza. Hutachagua tena. Ukweli utakutoka tu kama chafya."

"Hata nikimfichia mama zawadi?"

"Utaitaja kabla hujaifunga!"

Mama alicheka. Chiriku hakucheka. Alizitazama taa zile, nzuri ajabu. "Zote hizo ni mimi?"

"Zote ni wewe, mwanangu," daktari alijibu.

Akamgeukia mama yake. "Mama... pasi niliiacha mimi. Dada Pindo hakuigusa."

Skrini nzima ikawaka, pembe hadi pembe. Daktari mwenyewe, anayeona bongo za watu kila siku, alisimama akatazama. Kisha akairudisha sindano kwenye kisanduku.

Mama alikasirika, tena sana. Walikwenda moja kwa moja kwa kina Pindo, na wote wawili wakamwomba radhi. Pindo alinuna kwanza. "Nitarudi," alisema mwishowe. "Lakini pasi nashika mimi!"

Kesho yake, Chiriku alimuuliza mama, "Kwani ningechomwa nisingekuwa mtoto mwema?"

Mama alionyesha kioo cha wateja cha kujitazamia. "Hiki hakijawahi kusema uongo, na hakuna anayekisifu, kwa kuwa hakiwezi jambo jingine. Wewe uliweza kuficha, mwanangu, ukachagua kusema. Wema ni huo, na hakuna sindano itakayokuchagulia."

Chiriku alijishika paji la uso, akizifikiria taa zake.

"Haya," mama akasema, "pini zinakungoja."