Sahani ya Lagi

Tavita na Lagi walikutana Jumamosi moja soko la Otara, kila mmoja ameshika fungu lilelile la magimbi na hakuna anayetaka kuliachia. Lagi, mwanamke mnene mwenye ua jekundu sikioni, alisema, "Kaka, liache au unioe." Tavita aliliacha, akaomba namba ya simu.

Mwaka wa pili sasa wakiwa wapenzi, na wivu ulikuwa ukimtafuna Tavita mzimamzima. Jumapili, baada ya kanisa, mama yake alimjazia Lagi sahani kama ilivyo desturi ya Wasamoa: nguruwe, magimbi, majani kwa tui. Lagi alidonoa mara mbili, akaisukuma. Nani anasukuma sahani ya mama mkwe mtarajiwa, kama hajashiba kwa mwanamume mwingine? Hapohapo simu ya Lagi ikalia.

"Filipo! Ndiyo, Jumatano saa nne. Sikosi."

"Filipo ndiye anayekulisha siku hizi?" Tavita alifoka.

"Tavita, usianze."

"Nimeshaanza!"

Jumatano alimfuata mpaka hospitali, ngumi amezikunja. Alisukuma mlango kwa kishindo. Ndani kulikuwa na watu wanene wanane kwenye viti vipana, Lagi mmojawapo, na nesi mzee mwenye mvi.

"Karibu. Mimi Filipo," alisema nesi, kisha akaendelea na somo. "Upasuaji wa kupunguza tumbo si wa kila mnene. Unamfaa ambaye uzito umeshamletea maradhi, amejaribu njia nyingine zikashindikana, na yuko tayari kula kidogo na kumeza vitamini maisha yake yote."

Tavita aliketi kando ya Lagi, aibu imemjaa. "Unaumwa?"

"Sukari. Miaka mitatu. Sasa nakunywa maziwa maalumu tu, ini lipungue kabla ya kisu."

"Mbona hukuniambia, mpenzi?"

"Ungemwambia mama yako, angelia."

"Ukipungua, wanaume watakuganda. Utaniacha."

"Mjinga wewe! Nataka kuishi. Na wewe."

Filipo alileta fomu. "Nani atamwangalia nyumbani?"

Tavita aliinyakua, akaandika jina lake, na penye uhusiano akaandika: mume.

"Hata hujaniuliza!" Lagi alisema.

"Uliniuliza wewe, pale sokoni. Nikakosea kuchagua."

Lagi alicheka huku machozi yakimtoka, akamrudishia kalamu. "Basi andika na namba yako. Kuanzia leo Filipo atakupigia wewe."