Uso Ulioingia Ndani ya Wimbo

Fumbeni macho kidogo, mkitazame chumba hiki.

Kiko ghorofa ya tatu, Stratford, mashariki ya London. Ni Disemba ya mwaka 2005. Saa kumi ya jioni haijatimia vyema, na dirishani kumeshaingia kiza. Mezani pana kompyuta, redio kuukuu ya kaseti, na waya mweusi unaoziunganisha. Kando yake pana sanduku la viatu, na ndani yake mna kaseti kumi na mbili.

Mwenye meza ni Muhiddin, karani, mtu wa kupanga vitu. Hata vikombe vyake kabatini vilitazama upande mmoja. Kaseti zilikuwa za mama yake, Bi Mboja, aliyefariki miezi miwili nyuma katika nyumba hiyo hiyo. Alikuja nazo kutoka Pemba, akaziweka chini ya kitanda, na hakuzipiga hata siku moja.

Muhiddin aliona ni dhambi zioze. Jioni baada ya jioni aliziingiza kwenye kompyuta, wimbo kwa wimbo. Kaseti kumi na moja zilikuwa na majalada yenye picha za waimbaji. Kila jalada alilipiga picha kwa skana, kisha picha akaitia ndani ya wimbo wenyewe. Si kando yake. Ndani. Popote wimbo utakapokwenda, picha itakwenda nao, na ukipigwa, picha itatokea.

Kaseti ya kumi na mbili haikuwa na jalada wala jina. Ilikuwa nyeupe tupu. Ndani yake mlikuwa na ngoma moja ya pole pole, na wanawake wanaimba maneno asiyoyajua. Muhiddin alidhani ni harusi ya zamani.

Basi kwenye kioo cha kompyuta picha kumi na moja zilijipanga vizuri, na ya kumi na mbili ikawa kimraba cha kijivu. Kilimkera kama pengo mdomoni. Alitafuta picha ya mama yake aitie humo. Hakuna. Bi Mboja hakukubali kupigwa picha maisha yake yote, na ile ya pasipoti aliikata kwa mkasi siku alipopata makaratasi yake ya kuishi Uingereza.

Hapo akaja Zuwena, binti yake wa miaka saba, na picha yake ya shule mkononi. Anacheka, meno mawili ya mbele hayapo.

"Put me, Baba. I look like Bibi."

Kweli alifanana naye. Programu ikauliza kama aihifadhi picha ndani ya wimbo. Muhiddin akabonyeza ndiyo.

Nakala moja ya wimbo huo aliitia kwenye kiredio cha MP3 cha Zuwena. Nyengine akazichoma kwenye CD saba. Moja alimpa binamu yake Hussam, mkono kwa mkono, siku ya Jumapili. Sita akazitia bahasha kwa ndugu wa Muscat na Pemba, na Alhamisi, akirudi na Zuwena kutoka shule, akapita posta kuzituma.

Walifika nyumbani kiza kimeshafunga. Mama yake Zuwena alikuwa zamu ya jioni, kwenye nyumba ya kutunzia wazee. Muhiddin akateleka chai. Maji hayajachemka...

Akasikia harufu.

Udi.

Udi haukufukizwa humo tangu siku ya msiba. Alizima jiko, akanusa. Harufu ilikuwa inatoka chini ya mlango wa mtoto. Na pamoja nayo, kwa mbali sana, ngoma. Du... du... du...

Alisukuma mlango. Zuwena amekaa sakafuni, miguu ameinyoosha kama bibi kizee mkekani. Taulo jeupe kichwani. Nyaya za kiredio masikioni. Kioo kidogo cha kiredio kilikuwa kinawaka mapajani mwake.

"Zuwena, chai."

Siku zote mtoto huyu hujibu kwa Kiingereza. Kiswahili anakisikia chote, hasemi hata neno.

"Naja," akasema.

Muhiddin akashika fremu ya mlango.

"Nani... nani kakufunza kusema hivyo?"

"Weye hunijui. Mamako akinijua." Sauti ilikuwa ya mtoto. Pumzi zilikuwa za mtu mzima. "Nlikuwa kizani, sina uso. Nani alonionesha huu?"

Akajipapasa mashavu.

"Nimeupenda."

Aliruka akazing'oa zile nyaya. Ngoma ikakatika. Harufu haikukatika. Zuwena akatetemeka, akajifunika kwa mikono.

"Baba? I'm cold."

Muhiddin akaokota kiredio. Akakitazama kioo. Akakisogeza karibu na macho.

Kwenye picha, midomo ilikuwa imefungwa.

Alimpigia mama yake mdogo, Bi Ummukulthum, anayekaa Tooting. Alinong'ona, mtoto asisikie.

"Shikamoo, mama mdogo. Ile kaseti nyeupe ya mama... ina nini?"

"Marahaba. Kaseti gani? Ile aliitupa."

"Hakuitupa. Nimeipiga. Na nimeitia picha ya Zuwena."

Akasikia mlango unafungwa upande wa pili wa simu.

"Mamako alikuwa kiti," akasema Bi Ummukulthum. "Pepo akimpanda, akasema kwa kinywa chake. Kila pepo ana wimbo wake, mwanangu. Ukiimbwa, anakuja. Na akija, fundi, ndiye mganga wa ngoma, humwonesha uso wa mtu wa ukoo, ndio akapewa huyo awe kiti chake. Mamako alipochoka alikimbia na wimbo, na hata picha ya pasipoti akaikata, ili huyo akija asione mtu, arudi alikotoka. Sasa weye umemwita na uso ukamtilia mlemle."

"Mbona hamkunambia?"

"Siku za ngoma tukikupeleka kwa jirani. Tulidhani asiyejua amesalimika." Akapumua. "Itoe hiyo picha. Hivi sasa, nikusikie ukiitoa."

Simu begani, aliitoa kwenye kiredio, akaitoa kwenye kompyuta. Kimraba cha kijivu kikarudi. Hakupata kufurahi kukiona kitu kama alivyofurahi kukiona kile. Harufu ikapungua, ikaisha. Zuwena akaja jikoni, akataka mkate wenye jemu.

"Imetoka," Muhiddin akasema.

"Alhamdulillahi. Na hakuna nakala nyengine?"

Hapo ndipo alipozikumbuka bahasha.

Aliwapigia wote sita. Dada yake Ghalia, wa Muscat, alimcheka. "Kaka, baridi ya huko imekuingia kichwani!" Lakini aliposikia sauti ya kaka yake aliacha kucheka, na CD zilipofika zote zilivunjwa kabla ya kupigwa. Akabaki Hussam.

"Yakhe, zawadi kama ile uikalie peke yako?" Hussam alikuwa anatafuna kitu. "Nshaitia kwenye ule ukurasa wa mtandao wa Wapemba, tangu juzi. Watu mia mbili na kumi washaichukua! Wanauliza mtoto wa nani, mzuri maashallah, ila mbona kanuna."

"Hakununa, Hussam. Anacheka."

"Aa, kanuna. Ngoja." Zikasikika droo zinafunguliwa, kisha CD ikizunguka ndani ya kompyuta. Kutafuna kukakoma. "Kwenye CD anacheka. Hii sijaipiga, niliinakili tu kwenye kompyuta. Kwenye ile nakala niliyoisikiliza..."

Akakata simu.

Hussam aliuondoa wimbo mtandaoni usiku uleule. Lakini waliochukua walikwisha kuchukua, na waliwapa wengine, nao hao wana ndugu Dubai, Mombasa, Toronto. Muhiddin aliandika barua kwa kila jina alilolipata. Wachache walijibu.

Zuwena sasa ana miaka tisa. Anasoma vizuri. Meno yake ya mbele yameota, makubwa na meupe. Muhiddin analijua hilo kwa sababu daktari wa meno alimwambia. Yeye mwenyewe hajayaona, kwa kuwa mtoto hacheki tena.

Kuna jioni anakuwa mezani anaandika kazi ya shule, na penseli inasimama. Anainua kichwa, kama mtu aliyeitwa kutoka chumba cha pili. Harufu nyembamba ya udi inapita.

"Naja," anasema.

Na baba yake anajua kwamba mahali fulani, mtu asiyemjua, mwenye nia njema kabisa, ameubonyeza ule wimbo.

Kwa hiyo nawaomba jambo moja, mlikumbuke hilo tu. Mkiupata miongoni mwa nyimbo zenu wimbo usio na jina, na kwenye kimraba chake mna msichana mdogo amevaa sare ya shule, mtazameni mdomo kwanza. Ikiwa anacheka, na pengo linaonekana, basi nakala hiyo haijapigwa bado.

Msiipige. Itoeni picha, pole pole, mmwache mtoto aende zake.