Shingo ya Baba

Kinyozi alikuwa na mazoea yake. Akishamnyoa mteja, humshika kidevu na kisogo, kisha huizungusha shingo ghafla. Ka! Mteja huondoka akisifu. Wengine walikuja kwa ajili ya hiyo "ka" tu.

Jumamosi moja asubuhi baba yake, mzee wa miaka sabini na minane, aliteleza bafuni akagonga paji la uso kwenye sinki. Hakutoka damu. Akajikaza kisabuni, akavaa, akaenda kibandani kwa mwanawe.

"Shingo inanikaza, mwanangu," alisema. Alikuwa ameshikilia kidevu kwa kiganja.

"Umelala vibaya, Baba?"

"Nimejigonga kidogo. Si kitu."

"Basi kaa hapa. Hiyo ndiyo kazi yangu."

Mzee alisita. "Taratibu lakini."

Kinyozi akazungusha. Ka! Mzee alipiga yowe.

"Mzee keshapona huyo!" mteja mmoja alitania, na kinyozi akacheka. Kicheko hicho kinamchoma mpaka leo.

Jumatatu kikombe kilimponyoka mzee. Vifungo vya shati vilimshinda. Jirani yao, muuguzi, alipopita kumjulia hali, aliuona mkono wake wa kulia umelegea.

"Shikamoo, Baba. Ulianguka?"

"Alijigonga Jumamosi," kinyozi alijibu. "Lakini nilimnyoosha shingo."

"Ulimnyoosha vipi?"

Akaonyesha kwa mikono hewani. Muuguzi alifumba macho.

"Usimguse tena! Baba, tulia hivyo hivyo, usigeuze kichwa." Alimshika kichwa kwa mikono miwili mpaka gari la wagonjwa lilipofika. "Mifupa ya wazee ni dhaifu, kaka yangu. Kuanguka kidogo tu kunaweza kuvunja shingo. Mzee akianguka, shingo ikauma au mikono ikafa ganzi, hakandwi, hanyooshwi. Kichwa kinatulizwa, anapelekwa akapigwe picha."

Hospitalini daktari aliwaonyesha picha. Mfupa wa juu wa shingo ulikuwa umevunjika.

"Wazee wengi wa namna hii hatuwapasui," alisema. "Tunawavalisha kola ngumu, miezi mitatu hivi. Ina taabu zake. Ngozi huchubuka, kumeza kunakuwa shida, na mara nyingine mfupa hauungi vizuri. Hata hivyo wengi wanaishi salama. Upasuaji unaushika mfupa imara zaidi, ila mwili wa mzee unaweza kulemewa, hasa moyo na kifua. Ndiyo maana tunampima kila mtu kivyake, na mgonjwa mwenyewe tunamuuliza."

"Basi mvalisheni kola, daktari," kinyozi alisihi.

"Pengine kola ingetosha kama mfupa ungebaki mahali pake. Huu umehama. Unabana uti wa mgongo, ndiyo maana mkono umelegea."

Kinyozi alitamani ardhi ipasuke immeze. "Ni mimi, daktari," alisema. "Nilimzungusha shingo."

Mzee alipoulizwa hakusita. "Nipasueni. Nataka mkono wangu."

Upasuaji ulikwenda salama. Mzee alilazwa wiki sita, na leo anatembea mwenyewe. Lakini vidole vya mkono wa kulia havikurudi. Kila asubuhi mwanawe humfunga vifungo.

"Hukujua, mwanangu," mzee humwambia.

"Sikuuliza, Baba."

Kinyozi hakuzungusha shingo ya mtu tena. Wateja wengine walinuna wakahama, akawaacha waende.

Mwaka uliofuata, mama mmoja mzee, muuza vitambaa, alijikwaa ngazini karibu na kibanda. Watu wakamkimbilia wamwinue.

"Mwacheni!" kinyozi alipiga kelele. Alipiga magoti, akamtuliza kichwa karibu nusu saa, mpaka gari likaja. Hospitalini picha ilionyesha shingo ya mama ina ufa, lakini mfupa haukuwa umehama. Alivalishwa kola, basi.

Siku alipovuliwa kola, alikwenda moja kwa moja kibandani kushukuru. Akaukamata mkono wa kinyozi kwa mikono yake yote miwili, akaubana kwelikweli.

"Mbona unalia, baba? Si nimepona?"

"Umepona, Mama," alisema. "Vidole vyako vina nguvu." Akazidi kulia.