Leso za Damu ya Mzee

Walikutana sokoni, kwa wauza vitambaa, watu wakisukumana. Mshonaji alikuwa ameshika kitambaa rangi ya damu ya mzee, fundi saa akasimama karibu, shati limepigwa pasi likanyooka.

"Dada, nishonee leso za mfukoni za rangi hiyo. Nyingi."

"Za nini zote? Mna mafua ukoo mzima?"

"Macho yangu. Yakikuona yanatoa machozi."

Mshonaji alicheka mpaka futi ikamdondoka. Wakapendana. Wakipanda ngazi kwenda chumbani kwa mshonaji, fundi saa husimama katikati: "Subiri nikutazame, mpenzi." Naye hujiona malkia.

Asubuhi moja dada wa fundi saa akapiga simu. "Wifi, njoo hospitali. Amekohoa damu tena."

"Tena?"

Dada mtu akakata simu.

Wodini leso alizomshonea zilikuwa kwenye beseni, zimelowa damu. Daktari akamwonyesha picha ya kifua. Ugonjwa wa zamani ulipona, alisema, ila uliacha njia za hewa zimetanuka, makohozi yanatuama humo. Mishipa ya damu kandokando imevimba. Mmoja ulipasuka, wameuziba.

"Kama lastiki iliyolegea," mshonaji alisema. "Hairudi."

"Hairudi, mama. Lakini kwa dawa na mazoezi ya kutoa makohozi, watu wanaishi."

Mshonaji akamgeukia mgonjwa.

"Haiambukizi, mpenzi," fundi saa akawahi kusema.

"Nimekuuliza hilo? Kumbe pale ngazini ulikuwa unatafuta pumzi!"

"Nilikuwa nakutazama pia."

"Usinichekeshe! Dada yako anajua, manesi wanajua. Mimi umenishonesha uongo wako kwa mikono yangu mwenyewe, usiku namshukuru Mungu kwa kunipa mwanamume msafi wa leso."

"Niliogopa utaniacha."

"Ungeniacha nichague."

Akaondoka. Simu zake hakupokea. Alilala na hasira, akaamka nayo, akaisalia ikagoma kutoka. Lakini mkono ulikuwa tayari kwenye cherehani.

Aliporudi, alimtupia bahasha kitandani. Leso, zote nyeupe pe.

"Nyeupe?"

"Ukitoa damu, na mimi niione. Ukinioa, utanioa nikiwa nimefumbua macho."

"Kwa hiyo nikuoe?"

"Sijasema nimekusamehe. Nimesema leso."

Fundi saa akataka kucheka, kikohozi kikamwahi, akaziba mdomo kwa leso mpya. Mkono ukaenda kuificha chini ya shuka, kwa mazoea. Ukasita. Akaitandaza leso kiganjani, mbele ya mshonaji.

Alama moja, ndogo kama kichwa cha pini. Waliiangalia wote wawili, kisha mshonaji akavuta kiti.